Daktari Ngoja Nione na Uvimbe Uliojifanya Mpole

Ndugu wapendwa, dada yangu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kitindamimba wa muuguzi na seremala. Nyumbani tulimwita Ngoja Nione, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila mtu. Alipokuwa na umri wa miaka sita aliyapasua mapera yote ya kikapuni, akitaka kujua kwa nini mawili yanayofanana kwa nje, moja liwe na funza na jingine lisiwe.

"Na kuyala utayala wewe?" mama akafoka.

"Ngoja nione kwanza, mama."

Aliyala, mpaka tumbo likamuuma.

Alianza shule ya misheni mwaka 1963, kisha akaenda sekondari ya bweni, ambako masista walimkabidhi ufunguo wa kabati la hadubini ili wapumzike kidogo na maswali yake. Alihitimu udaktari mwaka 1981, akabobea katika uchunguzi wa magonjwa kwenye vipande vya mwili.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi saa. Walijuana alipompelekea saa iliyosimama. "Wateja wote hutaka saa iende," shemeji yangu husimulia, "huyu alitaka kujua imesimama kwa nini."

Kuanzia 1987 hadi alipostaafu mwaka 2018 alifanya kazi katika maabara ya hospitali, chumba chenye harufu ya nta iliyoyeyushwa. Humo vipande vya nyama vya wagonjwa hugandishwa ndani ya nta, vikakatwa vyembamba kuliko karatasi, vikatandazwa juu ya kioo. Yeye alivutwa na uvimbe unaoota katika seli za tumbo na utumbo zinazotengeneza homoni. Mmoja hukaa miaka mingi umelala. Mwingine hukimbilia ini upesi. Na chini ya hadubini hufanana kama mapacha. Alitafuta katika vinasaba alama za kuutambua mapema ulio mkali, ili mgonjwa wa huo atibiwe kwa nguvu, na yule mwingine asiteswe bure. Alama kadhaa alizipata. Hakuna hata moja aliyoiamini kabisa.

Februari 2021 uvimbe wa aina hiyohiyo ulionekana katika utumbo wake mwenyewe. Uliondolewa, wanafunzi wake wakapima vinasaba, na alama zote zikaonyesha upole. Mwaka uliofuata, uvimbe ulikuwa umefika kwenye ini.

"Umetudanganya huu!" akasema, macho yakimng'aa kama siku ile ya mapera. Akaomba kipande kilichohifadhiwa katika nta kibaki maabara, wanafunzi wakitafute walichokosa kukiona. Mumewe akakataa.

"Nitakuzika mzima, si nusunusu."

"Nusu gani, Mzee? Hakifiki hata ukucha. Na wewe je, saa za marehemu wangapi umezikalia dukani?"

Mzee alicheka, lakini neno lake hakulibadili.

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Mei 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Juzi shemeji alikwenda maabara kukichukua kipande kile, kije kizikwe naye. Mwanafunzi wake mkuu alimpa bila ubishi, ila akamwomba kwanza atazame seli za mkewe, kisha za mgonjwa ambaye uvimbe wake ulitulia. Shemeji akainama kwenye hadubini kama anavyoinamia saa.

"Mbona ni zilezile?"

"Ndilo swali lake, Mzee."

Shemeji akakirudisha kipande mezani. "Basi msikifungie kabatini. Kiangalieni."

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja ambaye tayari ameanza kupasua vitu, na kaka yake anayewasomea haya. Mungu ampe pumziko la amani, wala asichoke kumjibu.