Kwenye Kufungua Ukumbi wa Gramafoni, Geita, 1952

Mheshimiwa Mwanangwa, uliyekuja kwa niaba ya Mtemi, Padri wetu, wazee wa vyama vyetu viwili vya ngoma, Wagalu na Wagika, ndugu zangu wa mgodini, na akina mama mliosimama kwa kukosa viti: nawaamkieni nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi Januari si msemaji. Miaka tisa nimesukuma toroli la mawe, sikurithi hata mbuzi, na ukumbi huu nimeujenga kwa mikono yangu. Leo ningepaswa kufurahi. Naogopa, wala sioni sababu ya kuficha.

Chanzo mnakijua. Baada ya mavuno Wagalu walipiga ngoma upande wao, Wagika upande wao, na kwa desturi yetu mshindi ni yule aliyevuta watu. Masele, kiongozi wa Wagika, akaazima gramafoni yangu, akaificha nyuma ya ngoma zake. Nikamwuliza, "Hii nayo ni ngoma?" Akasema, "We zungusha mpini, Baba Melania, maswali waachie Wagalu."

Nikazungusha. Ukatoka wimbo wa ng'ambo, magitaa na manyanga, lugha hakuna aliyeijua. Watu mia nne wakavuka uwanja! Mzee Ngassa, bingwa wa Wagalu, akabaki na kumi na tisa, niliwahesabu. Hata mkewe, Mama Mageni, alivuka.

Naam, chekeni. Siku ile pia mlicheka, mkamwimbia "Bingwa wa kumi na tisa." Je, ni nani anayelipia kicheko chenu? Mara mbili nimekuta pembe ya paa hili la nyasi imeungua. Moto ule umetiwa na mtu. Au mnadhani ni panya wanaovuta tumbaku?

Nauliza: wimbo ule ni wa nani? Ghati, muuza uji kutoka Tarime, alisema ni wa kwao. Selestine wa Bukoba akabisha hadi mate yakamruka. Mnyasa mmoja alilia machozi, na haelewi hata neno moja. Na mpiga ngoma wa Mzee Ngassa mwenyewe aliniambia, "Mdundo ule naujua, tunalimia." Basi kosa ni letu, mimi na Masele: kitu cha dunia nzima tulikifanya fimbo ya kumchapia mtu mmoja. Mzee Ngassa, mbele ya hadhara hii nasema, hukushindwa.

Lakini woga haujaniisha. Nimetoboa mlango wa pili, nimejaza mapipa manne ya maji. Mapipa manne ni nini kwa watu mia mbili chini ya nyasi kavu? Kwa hiyo, shikamoo Mzee wangu, kiti hiki cha katikati ni chako, cha pili ni cha Mama Mageni, na wanao waje. Ngoma yako ianze, gramafoni ifuate.

Ninyi wengine, nawashukuru kwa subira na masikio yenu. Mzee akiketi, nitazungusha mpini. Asipoketi, jamani, tutoke sote sasa hivi, taratibu, akina mama kwanza.

Mzee Ngassa, tunakungoja.