Gari Langu na Mwanasha wa Lisekese

Ashraf, baba, zima hiyo redio. Na wewe Asumini, niwekee mto mgongoni nikae kama mtu anayesema na watu, nisilale kama mzigo uliosahaulika stendi. Fungeni mlango. Najua Mwanasha yuko barazani. Amekuja na basi la asubuhi kutoka Masasi, na nimekisikia kicheko chake akisalimiana na majirani, kikanichoma mpaka kwenye mifupa, maana mwanamke wa umri ule hana haki ya kucheka vizuri namna ile. Mwacheni akae. Mpeni chai, tena muitie sukari ya kutosha, asije akarudi Lisekese kusema eti nyumbani kwangu, kwa Somoe, wamefikia kunywa chai isiyo na sukari. Lakini kabla hajaingia humu, nina maneno na nyinyi watoto wa tumbo langu, nanyi myasikilize yote, hata yale yatakayowaudhi.

Mengi hayana mjadala. Nyumba hii na shamba la muhogo lililo nyuma yake vigawiwe kama dini inavyosema, aitwe shehe, na mtu asiinue sauti. Mikorosho ya njia ya Kitangari ni ya Asumini, kwa kuwa mimi niliipata kwa mama yangu, na mama kwa mama yake, na hapa kwetu Newala mti wa upande wa kukeni hauvuki uzio. Ashraf, usikunje uso. Wewe ulisomeshwa kwa korosho zile mpaka ukawa mwalimu, umekwisha kuzila.

Lililobaki ni gari, na najua ndilo linalowanyima usingizi. Juzi, Ashraf, nilikuona dirishani ukilizunguka, ukiyapiga matairi teke kama mnunuzi. Kabla hujalipiga teke, lijue limetoka wapi.

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipopanda huku juu na malori yao, kila mmoja na mizani yake, wakagombea korosho zetu kama watu wasiopata kuona korosho maishani, kila nyumba ya Newala ilipiga kelele za furaha. Wengine waliezeka bati, wengine walinunua redio, na wengine, Mungu awasamehe, waliongeza wake. Mimi nilisema nataka gari. Watu walicheka. Hawakujua kwamba tangu utotoni nimepanda mlima kutoka bondeni na maji kichwani, na shingo yangu imekuwa fupi hivi mnavyoiona kwa ndoo, si kwa kuzaliwa. Nilitaka gari linibebee maji, basi.

Lakini sikujua hata mlango wa gari hufunguliwa wapi. Kwa hiyo baba yenu ndiye aliyekwenda Dar es Salaam kulichagua, na jina lililoandikwa kwenye kadi likawa lake. Alirudi nalo jeupe, fupi, la milango mitano, tairi la akiba limening'inia mgongoni. Halikuwa gari kubwa la mabwana wa miradi, wala si pikapu ya kuchukulia mbuzi. Lilikuwa gari la mtu mwenye watoto. Lilikuja na redio isiyoshika stesheni yoyote ya Tanzania, na ukiliwasha, sauti ya mwanamke wa Kijapani ilisema maneno mawili matatu ya upole. Baba yenu alikuwa akimjibu, "Marahaba, mama." Mnacheka? Mimi sikucheka. Hata yule Mjapani asiye na mwili nilimwonea wivu.

Na gari lile lilitufaa, nisiseme uongo. Madumu ya maji yalijaa nyuma mpaka kwenye kioo. Lilibeba salfa ya kupulizia mikorosho, viti vikageuka manjano na sisi tukapiga chafya mwezi mzima. Lilibeba maharusi, lilibeba wajawazito, lilibeba jeneza la mjomba wenu huku mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Kwenye mchanga wa huku, pale mabasi yalipozama na abiria wakashuka kusukuma, lenyewe lilipita likijitikisa kama bata. Lakini watu walisemaje? Walisema, "Lile pale, gari la Mzee Bakari." Mikorosho ya mama yangu, shingo yangu, halafu gari la Mzee Bakari.

Basi gari la Mzee Bakari likajifunza njia ya Masasi. Mara linakwenda kutafuta oili, mara shokapu, mara bushi. Nikajiuliza gari gani hili linaloumwa kila Alhamisi. Kumbe huko Lisekese kulikuwa na fundi cherehani, mjane mrefu mwenye kicheko, na kabla mvua hazijaanza nikaambiwa nimepata mwenzangu. Sikulia mbele ya watu. Nilikwenda kukaa ndani ya gari, kiti cha mbele, nikafunga vioo, na hapo nikaona miguu yangu haifiki mbele. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma. Tangu siku ile, wanangu, kila gari lilipotoka Masasi nilikwenda kwanza kukitazama kiti. Nilikivuta mbele, kikarudi nyuma. Nilikivuta, kikarudi. Mwanamke yule nilikuwa hata simjui sura, lakini urefu wa miguu yake niliujua kuliko mume wake.

Halafu akashona vitambaa vya viti, vyenye maua ya buluu na ukingo uliotariziwa. Gari liliporudi navyo, Newala nzima ilikuja kushangaa, na mama yake Julia wa jirani akaniambia usoni, "Mwenzio ana mikono ya dhahabu." Nilivivua vyote nikafunikia mifuko ya salfa. Baba yenu aliviona pale. Moyo wa mtu ni kichaka, na siku ile alichungulia akaona humu ndani mna chui.

Ndipo nikamwendea Bwana Gwakisa. Mnamkumbuka, yule bwana shamba Mnyakyusa aliyekuwa akiendesha gari la serikali. Nikamwambia, "Nifundishe kuendesha." Akaniuliza, "Mama Ashraf, kwani unataka kwenda wapi?" Nikamwambia, "Popote anapokwenda Baba Ashraf." Alicheka mpaka akaketi chini, lakini alinifundisha. Pale uwanja wa mpira watoto wa shule walipanga mstari kunitazama, bibi mzima na kilemba, nimekalia mito miwili, naangusha magoli. Nilifundishika. Na siku niliyopata leseni niliweka funguo kwenye pindo la kanga nikamwambia baba yenu kwa adabu kabisa, "Ukitaka kwenda Lisekese, sema tu. Nitakupeleka."

Alikaa wiki nyingi hajasema. Mwisho akasema. Nikampeleka. Mume amekaa kiti cha abiria, kofia imeshuka usoni, mke mkubwa anampeleka kwa mke mdogo, na kila kijiji tulichopita watu walisimama njiani. Niliteremka mlima ule kwa gia, mguu mbali na breki, kama alivyonifundisha Mnyakyusa, huku nimejaa furaha mbaya, nikifikiria sura ya Mwanasha atakaponiona. Nilikwenda kumtahayarisha. Na yeye alifanya nini? Alitoka mlangoni, akaona nani yuko kwenye usukani, akapiga vigelegele! "Shikamoo, dada! Jamani, njooni mwone, dada yangu anaendesha gari!" Akaita mtaa mzima. Akanipikia wali wa nazi na kuku, nao ulikuwa mtamu, wanangu, mtamu wa kuudhi. Nilirudi Newala nimeshiba na nimeshindwa.

Baada ya hapo baba yenu akaona bora apande basi. Alisema haya yake haiwezi safari ya pili.

Asumini, nipe maji. Kidogo tu. Hapo sasa.

Masika iliyofuata, simu ilipigwa dukani kwa Ashuru kwamba baba yenu ameanguka kule Lisekese, upande mmoja wa mwili umekufa. Nyinyi mlikuwa shuleni. Niliteremka peke yangu, mvua inapiga, njia imekuwa uji mwekundu, na sikumbuki daraja wala kona. Nakumbuka tu kwamba sikuomba Mungu amponye, niliomba asife kabla sijafika, asije akafa mikononi mwa Mwanasha. Mungu alinisikia nusu.

Nilimkuta hai. Wanaume wakambeba wakamlaza kiti cha nyuma, na kabla sijasema neno Mwanasha alikwishaingia kwa mlango wa pili, akakichukua kichwa chake akakiweka mapajani. Ningefanyaje? Pale hapakuwa na mwingine wa kuendesha. Miaka yote nilipigania kiti cha mbele, na siku ile nilikipata: mimi nikapata usukani, yeye akapata kichwa cha mume wangu.

Tukashika njia ya hospitali ya Ndanda. Kioo cha juu kiliniwekea sura zao mbele ya macho kama picha ukutani. Nikaona midomo ya baba yenu inacheza. Nikaona Mwanasha ameinama, sikio lake limegusa mdomo wa mumewe, naye mume anasema, anasema, maneno marefu, baba yenu ambaye kwangu mimi alikuwa mtu wa maneno mafupi. Mvua ilipiga bati, injini iliunguruma, sikusikia hata moja. Nikapiga kelele, "Anasemaje?" Mwanasha hakuinua uso. Akasema, "Endesha, dada. Tazama mbele."

Nikatazama mbele.

Pale hospitali walimpokea, wakamhangaikia kwa kila walichokuwa nacho, lakini ulimi wake ulikuwa umekwisha kufunga. Hakusema tena mpaka alipokwenda zake. Yale ya kwenye gari ndiyo yalikuwa ya mwisho, na aliye nayo ni yule pale nje, anakunywa chai yangu.

Na wazee walipokaa kugawa mirathi, kabla mtu hajauliza, yeye akasimama akasema, "Gari ni la dada, lilinunuliwa kwa mikorosho yake." Baraza zima likamsifu kwa moyo wake mweupe. Mnaona alivyo? Amenipa kilicho changu, na sifa akachukua yeye. Tangu hapo sijamwuliza juu ya maneno yale. Miaka hii yote anakuja Idi kwa Idi, ananisalimu, ananiletea nguo alizoshona, nami swali limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu kumwuliza ni kukiri mbele yake kwamba anacho nisichokuwa nacho. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi sikieni. Gari nampa Asumini sasa hivi, ningali hai na akili yangu, ni hiba, si urithi, Ashraf uwe shahidi na useme "nimesikia." Sema. Haya. Najua ulitaka kuliuza, na najua unamwonea dada yako wivu hapo ulipokaa, uso wako ni wangu, naujua. Usisafirie nyota ya mwenzio, baba. Nyota ya gari hili imekaa kwa wanawake.

Asumini, litunze. Maji ya rejeta utazame kila alfajiri kabla hujaliwasha. Oili usingoje iwe kama lami. Ukisikia kitu kinagonga ukikata kona, usiongeze sauti ya redio, mpelekee fundi. Usiteremke mlima kwa breki, teremka kwa gia. Breki ni za kusimamia, si za kutembelea. Mtu akikuomba umpeleke mgonjwa, nenda, hata kama jana alikusengenya. Na mumeo akisema jina liandikwe lake kwenye kadi, mwambie mama alikataa na mama amekufa, hakuna wa kumbembeleza.

Na Mwanasha... siku Mwanasha akiugua, kama ni jua, kama ni masika, uteremke ukamchukue, umpeleke Ndanda, usimdai hata shukrani. Ni mama yenu mdogo. Akae popote anapotaka. Hapana. Akae nyuma. Mimi bado sijawa malaika.

Pumzi inanikimbia. Nisogelee, Ashraf, mkono wako uko wapi... Nawaombea Mungu awape mvua ya wakati na maua ya mikorosho yasiyoungua. Awape watoto watakaowazika nyinyi, si nyinyi kuwazika wao. Mkigombana, mgombane mchana, na jua likizama muwe mmekula sahani moja. Radhi yangu mnayo nyote wawili, yote, sikubakiza. Nizikeni karibu na baba yenu, upande wa kulia, na ule wa kushoto... ule muuache wazi. Anajua mwenyewe ni wa nani.

Sasa nitamwuliza. Nitamwuliza leo alichoambiwa, na akitaka kusema, aseme, nitaondoka nayo. Asipotaka, simlazimishi, nitakwenda kumwuliza mwenyewe aliyeyasema, maana safari hii mimi ndiye ninayefika kwanza, nami nitakaa naye peke yangu muda wangu wote, mpaka huyu mrefu atakapokuja.

Mwiteni. Ngojeni... bado, Ashraf, rudi, usifungue. Asumini, mwanangu, ile kanga mpya iko juu ya sanduku, nifunge ile. Nichane nywele. Na wanja, upo chini ya mto wangu hapa, nipake wewe. Vizuri, usiharakishe. Asije akanikuta hivi.