Kikombe Kilichotoka kwa Baba Mkwe

Bwana apewe sifa, wapendwa. Mimi ni mama Bahati, mkulima wa ndizi na chai hapa Mpuguso. Nimesimama kwa sababu miaka mitatu niliikimbia Meza ya Bwana, na hakuna aliyejua.

Ndugu zangu, mila yetu mnaijua. Mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha, ila mimi niliishika sana, na akina mama walinisifu: "Mama Bahati ana adabu." Adabu gani? Nilikuwa namchukia yule mzee. Siku tunamzika mume wangu, mzee alisema mbele ya waombolezaji, "Mwanangu alikuwa mzima mpaka alipooa." Maneno yale sikuyasahau. Mila ikanipa pa kuificha chuki yangu.

Kila Jumapili ya Chakula cha Bwana, mzee akienda kupiga magoti, mimi natoka nje kama mwenye mtoto anayelia. Mtoto mchanga sikuwa naye. Nikapoa rohoni, hata kuomba kukanishinda.

Jumamosi moja mwaka huu, kwenye maandalizi ya Meza, mchungaji alitufundisha Pasaka ya kule Misri. Kila nyumba ilichinja mwanakondoo, ikapaka damu mlangoni ili kifo kisiingie, na wote wakala ndani, pamoja. Akasema Yesu naye alikaa na wanafunzi kula Pasaka hiyohiyo, akawapa mkate na kikombe, akisema ni mwili wake na damu yake. Mwanakondoo ni yeye. Halafu akasema, "Usiku ule, kinga ilikuwa ndani ya mlango." Jamani, neno lile lilikuwa langu. Miaka mitatu nilikuwa natoka nje kwa miguu yangu mwenyewe.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda kwa mzee, nikasimama uani, nimeupa mlango mgongo kama mila inavyotaka, nikasema yote. Kwamba nimemchukia. Kwamba naomba anisamehe. Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu, kisha sauti: "Mwanangu, yale niliyasema kwa uchungu. Nilitaka kukuita, lakini kila nikikuona unaingia migombani. Nisamehe wewe."

Kesho yake nilikwenda mbele. Mzee alikuwa ameshapiga magoti. Aliniona, akasogea, akaniachia nafasi ubavuni mwake. Kikombe kilitoka midomoni mwake kikaja kwangu, nami nikanywa huku nikilia.

Ndaga fijo, Yesu wangu, asante sana. Na wewe ndugu yangu, kama kuna mtu unamkwepa, hata kama watu wanakusifu kwa hilo, mwendee leo. Mwamini Yesu, damu ilishapakwa mlangoni. Ingia tu. Nafasi ipo, hata mimi nilisogezewa.