Historia ya Mzee Sindano, Mpima Damu za Watoto

Ndugu, jamaa na marafiki, kazi hii nimeachiwa mimi mdogo wake marehemu, baada ya wengine kusema hawataweza, nami sijui kama nitaweza, maana tumeuguza muda mrefu na tumechoka.

Kaka alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari 1975, akahitimu chuo cha maabara 1979, na mwaka huohuo akaajiriwa hospitali ya watoto, kwenye chumba cha mwisho wa korido, alikopima damu za watoto akitafuta kingamwili zinazoashiria mzio wa vyakula, mpaka alipostaafu 2017. Watoto walimwita Mzee Sindano, ingawa aliwapasha mikono joto kwanza ndani ya viganja vyake.

Tarehe 12 Desemba 1986 alifunga ndoa na muuguzi wa hospitali hiyohiyo, wakajaliwa binti mmoja, Juni 1990. Binti alipotimiza mwaka alitoka vipele, baba akampima mwenyewe, akakuta kingamwili za maziwa na mayai, akavipiga marufuku vyakula hivyo nyumbani bila kumuuliza daktari, na shemeji alipolalamika kwamba mtoto amekuwa akivila na havimdhuru, kaka alimjibu kuwa damu haidanganyi. Mtoto alikonda mpaka tukaogopa kumbeba. Ndipo daktari wa watoto akamweleza kaka wazi kwamba kingamwili zinaweza kuwepo na mtoto asidhurike, akamlisha yai kidogo kidogo palepale hospitalini, chini ya uangalizi, naye akalimaliza, akadai jingine, na kaka akalia koridoni mbele ya watu.

Tangu hapo hakumkabidhi mzazi majibu kabla ya kumuuliza mtoto alikula nini na kilimfanya nini, hata wenzake wakamtania kwamba amehamia idara ya mapishi.

Aliugua ini kuanzia Mei 2023. Mwishoni alikataa kila chakula isipokuwa yai la kuchemsha lililopondwa, akilishwa na binti yake kwa kijiko, na hata siku ile ya tarehe 9 Februari 2024, alipotutoka, asubuhi alikuwa amemeza kidogo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia tulipokuwa hatujiwezi, na wenzake wa maabara, waliokuja na makoti yao meupe.

Kaka, mwanao alishiba, akakua, na wewe akakulisha. Pumzika kwa amani.