Muallim Si Mwalimu wa Shule

Risala ya mafundi umeme wa Mina, Tripoli, Lebanoni, kwa mgeni rasmi Bi. Gudrun Ellwanger, mkuu wa ofisi inayolinganisha vyeti vya ufundi vya wageni nchini Ujerumani. Imesomwa na katibu, Rihab Dannawi, katika ukumbi wa chama.

Mgeni rasmi, Bi. Ellwanger, ujumbe ulioongozana nawe, Mwenyekiti wetu, Muallim Burhan Adra, uliyekataa kukaa mbele ingawa kiti chako kipo, mabibi na mabwana:

KARIBU

Sisi mafundi umeme wa Mina, wanaume ishirini na wanne na wanawake saba, tunakukaribisha kwa mikono miwili, na leo mikono yenyewe imeoshwa kwa sabuni ya mafuta ya zeituni hadi kwenye viwiko. Wapo kati yetu waliosema mtu wa cheo chako hafiki Mina, ataishia Beirut, anywe kahawa ya hoteli, apige picha, arudi. Wote waliosema hivyo wamo humu ukumbini na wamevaa suti. Tumewasamehe, kwa sababu mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kabla hatujaenda mbali, tunamwomba radhi mkalimani wako. Tumemsihi tangu mlangoni kwamba neno muallim, kila litakapotokea, asilitafsiri. Aliache kama lilivyo. Akishindwa, akohoe. Sababu yake utaielewa mbele kidogo.

Kiti kilicho wazi kushoto kwako ni cha mwenzetu Wasfi Halabi. Hajakudharau, yuko kazini, na kazi yenyewe ni kwa ajili yako. Na hizo taa ndogo tatu juu ya mlango, zilizokuwa zinawaka zote ulipoingia, usijisumbue nazo kwa sasa. Tutazisemea mwishoni.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, chama chetu kina miaka kumi na mitatu, lakini historia yetu ni ndefu kuliko chama. Inaanzia mwaka 1969, katika karakana ya mlango mmoja ambako Muallim Burhan alianza kufunga nyaya na kufundisha kazi. Yeye mwenyewe hana cheti. Aliyemfundisha naye hakuwa nacho. Mtu aliingia karakana akiwa hajui kushika bisibisi, akakaa miaka, akatoka fundi, na mtaa mzima ulijua katoka wapi.

Vita vikaja, na umeme wa serikali ukawa kama jamaa wa mbali: unakuja bila taarifa, unaondoka bila kuaga. Watu wakajiunga na majenereta ya mitaa. Miaka hii ya karibuni wameongeza paneli za jua na betri. Kwa hiyo nyumba ya Mina haina njia moja ya umeme. Ina mbili, mara nyingi tatu, na nyingine ya nne ambayo jirani ameivuta bila kumwambia mtu.

Hapo ndipo ilipozaliwa sheria ya kwanza ya karakana, ambayo sisi sote tumeimeza kama maziwa ya mama. Muallim Burhan husema hivi: "Swichi kuu ni mwongo. Amini testa." Kuzima swichi kuu, kwetu, si kuzima umeme. Ni kuzima njia moja tu kati ya hizo. Atakayegusa waya kabla ya kuupima kwa testa hiyo na kuhakikisha kila njia imekufa, anafagia karakana wiki nzima, awe na ndevu au asiwe nazo. Msomaji wa risala hii amefagia mara mbili.

Katika miaka hamsini na mitano, mgeni rasmi, hakuna mwanafunzi wa Muallim Burhan aliyeuawa na umeme. Hatumjui mwingine katika mji huu anayeweza kusema hivyo.

TUNACHOJIVUNIA

Tungeweza kukusomea orodha mpaka chakula kipoe. Tutataja kazi moja tu, kwa sababu kizuri chajiuza.

Kituo cha afya cha mtaa wetu kina friji ya chanjo. Mwaka ambao umeme wa serikali ulikuwa unakuja saa moja kwa siku, na majenereta yamekosa mafuta, muuguzi mkuu alikuja karakana akilia. Aliambiwa na watu watatu kabla yetu kwamba haiwezekani. Wasfi alikwenda akakaa pale siku nne. Alipanga paneli juu ya paa, betri chini ya ngazi, na ubao wa swichi unaochagua wenyewe njia iliyo hai, ikifa moja inashika nyingine. Tangu siku hiyo friji haijapata joto hata mara moja. Muuguzi huyo tumemwalika, amekaa safu ya tatu, mwenye mtandio wa bluu. Mwulize.

Wasfi amefanya kazi kwa Muallim Burhan miaka kumi na mmoja. Kijerumani amejifunza hapa ukumbini pamoja na sisi wengine, na mtihani wa lugha ameshinda. Mwajiri katika mji mmoja mdogo wa kwenu alizungumza naye kwa video, akaona picha za kazi zake, akampa mkataba. Alimwandikia kwamba, kama ingekuwa juu yake yeye mwajiri, Wasfi angeanza kazi hata kesho.

PALIPOKWAMA

Lakini haikuwa juu yake. Ilikuwa juu ya ofisi yako, na tunasema haya kwa heshima zote, maana tumekuita nyumbani kwetu na mgeni hasutwi.

Ofisi ilitaka uthibitisho wa uzoefu. Muallim Burhan aliandika barua kwa mkono wake, siku tatu, kwa kalamu ya wino aliyorithi kwa babake. Alieleza kila alichomfundisha Wasfi na kila alichomwona akikifanya. Chini akatia saini: Burhan Adra, muallim wa umeme. Tukampelekea mfasiri aliyeapishwa, akagonga mihuri yake yote, tukaituma.

Jibu likaja baada ya wiki kumi na moja. Wasfi alilisoma karakana, sisi tukiwa tumemzunguka. Lilisema kwamba mwombaji ameleta barua ya mwalimu wa shule, lakini shule haikutajwa, wala hapana cheti kinachoonyesha kwamba huyo mwalimu ana shahada ya kufundisha. Kwa hiyo miaka kumi na mmoja haihesabiki, wala hakuna ushahidi wa uwezo wake kwa vitendo. Faili limefungwa.

Mgeni rasmi, mfasiri hakukosea kamusi. Muallim ni mwalimu, kamusi imesema kweli. Lakini katika kazi zetu muallim ni yule ambaye ufundi umekomaa mkononi mwake hadi wengine wanaishi nao. Muashi ana muallim, seremala ana muallim, fundi magari ana muallim. Wala hakuna hata mmoja wao mwenye chaki.

Tulicheka kwanza, tukiri. Wasfi alimwambia mzee, "Haya, Muallim, wanauliza unafundisha darasa la ngapi." Muallim Burhan akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa anaumenya: "Waambie la mwisho. Wanafunzi wenyewe ndio hawa hawafaulu." Mama yake Wasfi alipopata habari alikuja mbio, akidhani mwanawe kapewa kazi ya ualimu Ujerumani, akauliza kama watampa na nyumba.

Kisha kicheko kikaisha. Muallim Burhan aliweka waya chini, akavua miwani, akasema neno ambalo sisi tuliokuwepo hatujalisahau: "Kwa hiyo mkono wangu ndio uliomharibia." Akaingia ndani, hakutoka mpaka adhuhuri. Mzee huyu tumemwona kwenye mabomu, tumemwona akizika mke wake, hatujawahi kumwona anaona aibu. Iliuma, na bado inauma.

Tulituma tafsiri mpya yenye maelezo. Tulijibiwa kwamba faili lililofungwa halipokei karatasi, mwombaji aanze upya. Kuanza upya ni miezi. Mkataba wa Wasfi unakufa tarehe thelathini ya mwezi huu, siku tisa kuanzia leo.

Wako wengine sita waliorudishiwa barua kama hiyo hiyo, kwa neno lile lile. Msomaji ni mmoja wao. Wote sita tumekubaliana kwamba leo tunamsema Wasfi, kwa sababu siku zake ndizo zinazokwisha.

Na tusijifanye malaika. Yako tusiyoyajua. Kanuni zenu ni nyingi na baadhi yake tumezisoma mara moja tu. Wasfi alipofanya mtihani wa majaribio kwa video, aliambiwa azime umeme na kubadilisha soketi. Alizima swichi kuu, kisha akatumia dakika kumi na mbili kuitafuta njia ya pili ya umeme katika chumba cha mtihani kisichokuwa nayo. Msimamizi alimuuliza anatafuta nini. Akasema, "Jenereta." Muda ukaisha, akapata sifuri. Hilo ni kosa la mtu wa Lebanoni, na tunalikubali. Tunaomba tu likumbukwe kwamba ni kosa la mtu ambaye hajapigwa na umeme hata siku moja.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, hatuombi huruma, maana huruma haifungi waya. Wala hatuombi kupunguziwa mtihani. Tupimeni kwa mizani yenu, tena mkaze.

Tunaomba faili la Wasfi Halabi lifunguliwe kabla ya tarehe thelathini. Mwenye uwezo huo ni wewe peke yako. Tumeuliza kila karani aliyepokea simu, na wote, wakiwa wapole kabisa, wametaja jina lako.

Tunaomba pia neno muallim liandikwe katika daftari za ofisi yako kwa maana yake ya kazi. Halitawapa taabu, kwani nanyi mnalo. Katika masomo yetu ya lugha tumejifunza kwamba fundi aliyefika kileleni kwenu huitwa Meister, naye hufundisha vijana karakana, na watu humwamkia kwa heshima. Hatujasikia mtu akimuuliza Meister anafundisha shule gani.

Na kama inawezekana, mtu wa ofisi yako awe anakuja hapa mara moja kwa mwaka kutupima kwa mikono yetu. Karatasi zetu nyingine ziliungua, nyingine hazikuwahi kuandikwa. Mikono ipo.

Kuna wanaotuuliza mitaani: mkiondoka, Mina nani ataiwashia taa? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba Muallim Burhan alitoa mafundi sitini na Mina haijawahi kukosa fundi. Atakayekwenda atarudi na alichojifunza, na asiporudi, mama yake atamfuata.

TAA TATU

Sasa, mgeni rasmi, tazama juu ya mlango.

Ulipoingia taa zote tatu zilikuwa zinawaka: ya kijani ni umeme wa serikali, ya njano jenereta la mtaa, nyeupe ni jua na betri. Sasa hivi inawaka nyeupe peke yake.

Nilipofika kwenye historia, umeme wa serikali ulizimwa. Nilipokuwa namsema muuguzi mwenye mtandio wa bluu, likazimwa jenereta. Feni iliyo juu yako haikupunguza mwendo. Kipaza sauti hiki hakikukwaruza. Wewe uliendelea kuandika, na mkalimani wako aliendelea kukohoa mahali palipotakiwa. Hakuna aliyejua, isipokuwa Wasfi, ambaye yuko nyuma ya ukuta huu mbele ya ubao wa swichi alioufunga yeye mwenyewe, na ndiyo maana kiti chake kiko wazi. Barua ya ofisi yako ilisema hakuna ushahidi wa uwezo wake kwa vitendo. Umekaa chini ya ushahidi huo tangu asubuhi.

Limebaki moja, na halikuwemo katika risala tuliyoipitisha. Nimeliongeza leo kwa kalamu, wenzangu wanisamehe.

Mitaani kwetu watu huitana muallim ovyo. Dereva wa teksi ni muallim, muuza kahawa ni muallim. Lakini katika karakana ya Burhan Adra neno hilo haligawiwi. Miaka kumi na mmoja alimwita Wasfi "wewe", na akikasirika, "wewe mwenye mikono miwili ya kushoto". Asubuhi hii, kabla hujafika, mzee alikwenda nyuma ya ukuta kukagua ubao. Alipima kila waya kwa testa yake, wa kwanza hadi wa mwisho, akarudia. Kisha akaitia testa mfukoni, akasema, "Funga kifuniko, muallim."

Wasfi alishindwa kushika bisibisi. Nilimshikia mimi.

Kwa hiyo kwa upande wetu, mgeni rasmi, cheti kimeshatoka, na kimetolewa na mwenye haki ya kukitoa. Kilichobaki ni muhuri wako.

SHUKRANI

Tunakushukuru kwa kupanda ngazi zetu na kwa kusikiliza bila kutazama saa. Halawa ya jibini, kitamutamu cha mji wetu, imeshamwagiwa maji ya maua ya michungwa, na wenye suti wanaiangalia kwa wasiwasi. Mungu akufikishe kwako salama, awaangazie watu wa nyumbani mwako, na kila mlango utakaoufungua ukukute na taa inayowaka.

Ni sisi wako,

Mafundi Umeme wa Mina, wanafunzi wa Muallim Burhan Adra.

Mkalimani, hapo usikohoe. Litamke.