Mashine Iliyonyoa Paka

Wazee wangu, shikamooni. Na nyie kinamama mliokaa upande wa pili wa jamvi, shikamooni. Mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana kaniambia nisimame niseme. Aibu inaniambia nikae. Basi nitasimama hivyo hivyo, na sitataja jina la mtu. Mwenye kujijua atajijua, na mie najijua zaidi ya wote.

Nilipofika hapa Kinondoni kutoka Rufiji sikuwa na kitu ila wembe, mkasi, mashine ya mkono na kigoda. Bibi mmoja mjane akanipa baraza yake ninyolee watu. Hakutaka malipo, alitaka nimfagilie uwanja tu. Nikawa namwita mama, naye akiniita mwanangu.

Siku moja mpishi mmoja, mteja wangu, akaniambia bibi wa Kizungu anayempikia kule Uzunguni anatafuta kinyozi. Nikapiga kanzu pasi, nikapanda baiskeli. Nikakuta barazani meza, juu yake taulo safi, na juu ya taulo kakaa mbwa. Mbwa mwenye manyoya ya kusokotana, hata macho huyaoni. Namtazama mpishi, mpishi anatazama mnazi. Ndugu zangu, ningeweza kugeuza baiskeli. Sikuigeuza.

Na niwaambie kweli, kazi ile niliiweza. Mbwa unamsemesha kwanza, unaanza mgongoni, masikio unayaacha mwisho. Kucha unakata kidogo kidogo usije ukafika kwenye damu. Paka ndiye mwenye makuu: unamviringisha kwenye taulo mpaka shingoni, la sivyo anakuchana uso. Habari zikaenda nyumba kwa nyumba, nikawa sina nafasi.

Lakini nikirudi huku nasema nanyoa Wazungu. Mke wangu akatangaza kisimani. Mkaanza kunikalisha mbele kwenye khitma, nami nikakaa. Kuna mzee yuko hapa leo, aliwahi kuniuliza, "Eti Bwana Shauri ana upara?" Nikamjibu, "Kidogo, hapa utosini." Astaghfirullah! Bwana Shauri, mkuu wa wilaya mzima, sijapata kumwona hata kisogo. Niliyemnyoa ni mbwa wake.

Sie watu wa pwani hukumu ya mbwa tunaijua. Akikugusa na majimaji yake unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Niliosha, lakini kwa kujificha, kwenye kijito cha njiani, kama mwizi. Vyombo nikavitenga: vya Uzunguni kwenye mkoba mweusi, vya kwetu kwenye kikapu, kikapu kinalala ndani kwa yule mama yangu. Nikajiona mjanja.

Ikafika arubaini ya mtoto mmoja wa mtaa huu, siku ya kunyolewa nywele za kuzaliwa. Mnamjua. Mama yake alikwisha kuzika wawili kabla yake, kwa hiyo furaha ilikuwa kubwa na hofu pia. Mie ndiye niliyeitwa kumnyoa. Asubuhi ile ile nikapita kwanza Uzunguni, nikaambiwa kuna paka ana ugonjwa wa ngozi, manyoya yamekatika duara ubavuni, nimnyoe pale apakwe dawa. Nikamnyoa. Nikachelewa. Nikaja moja kwa moja kwenye shughuli, jasho linanitiririka, mkoba mweusi mkononi.

Mlikuwepo. Maulidi yamekwisha kusomwa, udi unafuka, mtoto kapakatwa na yule bibi mjane, na wote mnanitazama mie. Kikapu changu kimefungiwa nyumbani kwake. Ningeweza kumwomba ufunguo. Nikaogopa mtu asije akauliza, "Na hivyo ulivyoshika vina nini?" Basi kwa kuogopa swali moja nikaifuta mashine kwa leso, nikamnyoa mtoto wa watu.

Hazikupita wiki mbili, kichwani kwa mtoto kikatokea choa, ule ugonjwa wa mabaka. Duara. Likaja la pili, kisha la tatu. Duara lile nalijua, nililiona ubavuni mwa paka. Mnajua maneno ya mtaani. Wakasema aliyempakata ana mkono mbaya. Si mjane? Si kazika watoto wake wote? Kinamama wakaanza kuwavuta wana wao akipita. Kisimani ndoo yake ikasogezwa pembeni. Na mie kila asubuhi naketi kwenye baraza yake, nanyoa.

Baba wa mtoto akaja kuniuliza. "Wewe ndiye uliyemnyoa. Hukuona kitu siku ile?"

Sikieni nilivyojibu. Nilisema, "Mie nilinyoa tu. Aliyempakata anajua mwenyewe."

Hilo ndilo linaloniinamisha mpaka leo. Ya mbwa nitayacheka pamoja nanyi. Hilo silicheki.

Siku ya pili yake, bado sijatandika vyombo, yule bibi mjane akatoka ndani akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akanyoosha mikono yake, akaigeuza viganja juu. "Mwanangu," akasema, "wewe unaona miili ya watu kila siku. Nitazame. Mikono yangu ina nini?"

Hakuwa ananitega. Alikuwa anauliza kweli. Alishaanza kuamini.

Nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamweleza yote: mbwa, paka, mkoba, leso, na neno nililomwambia baba wa mtoto. Akairudisha mikono mapajani. Kisha akasema, "Mbwa ningekusamehe siku ile ile. Hilo neno nipe muda." Akafunga ushungi wake. "Simama. Twende ukaseme."

Yeye mbele, mie nyuma. Nikasema mbele ya baba, mbele ya mama, na mbele ya majirani waliojaa mlangoni. Baba alinishika kanzu, akaniachia, akaingia ndani. Mama wa mtoto alimfunga mwanawe mgongoni akaenda naye hospitali, wakampa mafuta ya kumpaka, na nywele zilichukua miezi kuota. Alhamdulillahi ziliota.

Yaliyonipata mnayajua. Mke wangu alirudi kwao, akakaa miezi mitatu. Watoto wakawa wakiniona njiani wanalia "nyau!" Chama hiki kikaniambia kitanizika nikifa, lakini ningali hai nisimguse mtu kichwa. Sikubisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mlangoni kwa watu niliowaumiza.

Namshukuru mke wangu aliyerudi. Nawashukuru nyie mlionicheka halafu mkanipa mkono. Namshukuru mama wa mtoto, kwa sababu ya Ijumaa iliyopita. Na kama kuna kijana hapa anaificha kazi yake, namwambia aiseme leo, ingali inachekesha. Ukiificha, ipo siku itamtafuta mtu wa kuibeba, na haitakuwa wewe.

Ijumaa iliyopita, kama mlivyosikia, mama wa yule mtoto alikuwa na arubaini ya mtoto mwingine. Akaniita mie. Akasema nije na kikapu, na karai la udongo. Nikaosha mikono uwanjani, mara saba, ya kwanza kwa udongo, watu wote wananihesabia kwa sauti. Vyombo vikachemshwa mbele yao. Nikageuka kumtafuta mtoto, nikaona kapakatwa na yule bibi mjane. Mama mtu mwenyewe ndiye aliyemkabidhi.

Nikashindwa kuanza. Muda aliouomba bibi yule ulikuwa umefika miaka miwili, na hajawahi kuniambia kama umetosha. Akaniangalia, akamgeuza mtoto utosi ukanielekea.

"Nyoa, mwanangu," akasema. "Nimemshika."