Amani Tu, Chaneli ya Kumi

Kijiwe cha wavuvi cha Kayar kina benchi moja refu lililotengenezwa kwa ubavu wa mtumbwi uliozeeka, na juu yake, chini ya paa la bati, inaning'inia redio ya bahari iliyonunuliwa na chama kwa ajili ya dharura. Dharura ni neno pana. Kwa miaka miwili redio hiyo imetangaza bei ya samaki, matokeo ya mieleka, na ugomvi wa wake wenza wawili uliosikika mpaka mji jirani wa Mboro. Siku hiyo, saa nane mchana, mitumbwi yote ilikuwa imerudi isipokuwa mmoja, Sokhna Mbène. Mwenye mtumbwi huo, mzee Libasse, alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kikombe cha kahawa ya Touba, ile ya viungo, kimempoa mkononi. Nahodha ni Magatte, mwanawe wa pekee.

— Mzee, usijitie presha bure, alisema Kapteni Mchanga, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuvuka hata wimbi la kwanza, ingawa akiwa benchini ameshaizunguka dunia. — Kijana kapata samaki wa kumwaga. Mtumbwi umelemewa, anakuja mdogo mdogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni methali ya akiba, si ya kuchelewa, alisema Betri, fundi wa simu na redio.

— Kwani anayechelewa si anaweka akiba ya muda?

Mama Ndoumbé, muuza kahawa, aliguna tu. Alikuwa akichungulia birika kama anayetafuta kitu ndani yake.

— Saa nne aliita, chaneli ya kumi, alisema Libasse. — Nimeongea naye mwenyewe, kwa mdomo wangu. Amani tu.

Alikuwa amelisema hilo mara ya sita, na kila mara aliliamini kidogo zaidi ya ile iliyotangulia. Ndiyo maana aliendelea kulisema.

— Basi kama ni amani, ni yale mameli ya kigeni, alisema Mchanga. — Yanavuta samaki, yanavuta na sauti. Saa hizi sauti ya Magatte iko kwenye jokofu huko melini, imegandishwa pamoja na pweza.

— We Ndiaye, wali wa mchana umekupanda kichwani, alisema Betri, kwa kuwa ukoo wake wa Diop na ule wa Mchanga ni watani.

— Afadhali mimi. Nyinyi akina Diop mnakula mpaka ukoko, halafu mnalamba na sufuria ya jirani.

— Sufuria yenyewe mliiba kwetu.

— Haya, kama si meli ni jini. Majini wa bahari wanapenda redio, msinicheke. Binamu yangu aliulizwa na sauti ya kike, chaneli ya tano, kama ameoa.

— Akajibu nini?

— Akasema hajaoa. Yule yule mwenye wake wawili!

Benchi lote liliangua kicheko, na Libasse naye akajikuta anatabasamu. Redio juu yao ikakoroma, ikakatika, ikakoroma tena.

— Isikieni na hiyo, alisema Mchanga, bado anacheka. — Mfa maji haishi kutapatapa.

Kicheko kikakatika. Mchanga mwenyewe alilisikia neno lake likiwa limeshatoka, akaziba mdomo kwa kiganja.

Betri aliweka kikombe chini. Akasogea mpaka karibu na mzee.

— Baba Libasse, hebu nieleze tena. Aliitaje?

— Alisema, "Baba, Baba." Nikabonyeza kitufe cha kusemea, nikamsalimia. Nikamuuliza vipi huko, vipi uchovu, vipi wenzake, vipi bahari. Nikamwambia mama yake hajambo, mkewe hajambo, mtoto ameota jino.

— Yote hayo umebonyeza?

— Sasa ningesalimia vipi bila kubonyeza?

— Ukibonyeza humsikii, Baba. Hata apige kelele namna gani.

— Najua.

Alijua kweli. Walionyeshwa wote siku redio ilipotundikwa.

— Na ulipoachia?

— Akasema, "Amani tu, Baba." Nikabonyeza tena, nikamwambia alhamdulillahi. Nilipoachia, kimya.

— Baba, Magatte ameshawahi kukuita kutoka baharini kukusalimia tu?

Magatte huita kuuliza bei, au haiti kabisa. Na hapo ndipo mzee alipoelewa. Kayar mtu ana homa ya kutetemeka, ukimuuliza hali atakwambia amani tu. Mtu ana maiti uani, anakwambia amani tu, kisha anakuita pembeni na kukupa habari. Amani tu ni mlango, na habari iko nyuma yake. Magatte alilelewa vizuri. Aliufungua mlango, na baba yake akaufunga kwa alhamdulillahi, akaenda kunywa kahawa.

— Nimemlea mwenyewe hivyo, alisema. — Mimi mwenyewe.

— Hukujua, mzee wangu, alisema Mama Ndoumbé.

Betri alikuwa ameshapanda juu ya benchi. Akazungusha swichi mpaka chaneli ya kumi na sita, ile ya dharura, ambayo hakuna aliyeigusa tangu redio ije kwa sababu haikuwa na mtu wa kupiga naye soga. Akalitamka lile neno la kuomba msaada mara tatu, akataja Kayar, akaachia.

— Husalimii? alinong'ona Mchanga.

— Huku hakuna salamu.

Ikajibu sauti ya msichana wa kikosi cha uokoaji baharini, kavu na tulivu. Hakumuuliza Betri ameamkaje. Aliuliza jina la mtumbwi. Aliuliza ulielekea wapi, na Libasse akasema upande wa Mboro, mwendo wa saa mbili kutoka nchi kavu. Aliuliza una shida gani, wakasema hawajui. Kisha akauliza:

— Una watu wangapi?

Betri akawageukia wenzake, kidole hakijabonyeza.

— Kayar, mnanipata? Watu wangapi?

— Watu hawahesabiwi, utawaitia mauti, alisema Mchanga kwa sauti ya chini. — Mwambie aulize vijiti vya Mungu ni vingapi, asiseme watu.

Betri alimwambia hivyo hivyo. Redio ikakoroma kidogo.

— Nafahamu, ilisema sauti. — Hata bibi yangu haulizwi ana watoto wangapi. Lakini nikipata watano, nitajuaje kama nirudi?

Libasse alinyoosha mkono, akapewa kipaza sauti. Hakutaja idadi. Alitaja watu.

— Andika. Magatte, nahodha. Ndiaga na Yatma, mapacha, wana wa Ngoné. Wally. Gora wa mashine. Mbor. Doudou, mkwe wa imamu.

— Saba, ilisema sauti. — Ndio wote?

— Ndio.

— Na yule wa fulana nyekundu? alisema Mama Ndoumbé. — Alikunywa kahawa hapa alfajiri. Magatte kamchukua kushika nafasi ya Modou, anaumwa jino.

— Anaitwa nani? aliuliza Betri.

— Nilimsalimia vizuri tu, jamani! Nikamuuliza mama yake, shamba lake, mpaka ng'ombe. Nikamuuliza ukoo, akasema Sarr. Nikaitikia kwa heshima, Sarr! Jina lake... sikumuuliza.

Walitazamana. Alfajiri ile Mchanga alimbebea kijana yule mkoba. Libasse alimpa mkono na kumwombea dua ya safari. Hakuna aliyejua jina lake.

— Baba, ilisema sauti, sasa polepole kidogo. — Niandike saba?

Maisha yake yote, mtumbwi uliposukumwa majini, Libasse alitazama pembeni, jicho lisije likahesabu lenyewe. Angetaka kumwambia binti yule mamia ya mambo juu ya Magatte. Akabonyeza.

— Wanane, alisema. — Wa nane ni mtoto wa Sarr. Na sikia, binti yangu. Hata ukishampata mwanangu, usirudi na saba.